Moja Yenye Mkono

Jumatatu, 15 Septemba

Muhula wa tatu umefunguliwa leo. Mwalimu Benon, anayetufundisha Kiswahili, ametuagiza sisi wa chama cha Kiswahili tuandike shajara mpaka shule ifungwe, kwa Kiswahili sanifu, bila kuchanganya. Nimefurahi, kwa sababu kuandika hakuhitaji mtu akutazame usoni. Nyumbani tunasema Kiswahili cha Butembo, kule Kongo tulikotoka, na hapa Bwera, ng’ambo ya mpaka, watu wana chao. Kwa hiyo maneno ya watu nitayaacha kama walivyoyasema. Yangu nitayanyoosha.

Niko kidato cha pili. Mama anauza vitenge sokoni, karibu na mpaka. Mdogo wangu Ruben yuko darasa la nne katika shule ya msingi, ambayo iko ua mmoja na sekondari yetu. Madam Loyi ndiye mkuu wa zote mbili.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Hakuna jambo.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya chakula nimekwenda darasa la pili la msingi kumsaidia Mwalimu Mbusa, kama nilivyozoea muhula uliopita. Yeye pia ni wa Butembo. Anafundisha kipindi ambacho walimu wengine hawakitaki, yaani mwandiko. Walimu wengine hapa huandika herufi za kuachana, kila moja imesimama peke yake. Mwalimu Mbusa anafundisha mwandiko wa kuunga, uleule tuliojifunza kwetu tangu darasa la kwanza.

Leo walikuwa kwenye herufi l. Watoto wote wameinua vidole na kuiandika hewani, juu, zunguka, shuka, huku yeye akitembea kati ya madawati na mikono yake nyuma.

“Usiinue kalamu mupaka neno iishe,” anasema. “Ukiinua, neno inavunjika kiuno.”

Watoto wanacheka kila mara, na kila mara yeye anajifanya hajui wanacheka nini.

Napenda kipindi hiki kuliko vyangu mwenyewe. Nikisema mbele ya watu, maneno yangu hutoka vipande vipande, na kila kipande kinasubiri kuona kama kimeruhusiwa. Nikiandika kwa kuunga, neno likishaanza lazima lifike.

Jumanne, 23 Septemba

Kuna habari. Madam Loyi amekuja kwenye chama chetu leo jioni. Amesema kompyuta za msaada zimefika na zimo stoo bado kwenye maboksi.

“Saa haitoshi,” amesema. “Kitu moja lazima itoke kwa ratiba ya msingi, ndiyo kompyuta iingie. Walimu wananiambia itoke mwandiko. Mimi sijakata maneno. Nataka kusikia.”

Kwa hiyo siku ya wazazi, mbele ya kamati ya shule, chama kitafanya mdahalo: Je, shule ziendelee kufundisha mwandiko wa kuunga? Mwalimu Benon amekunja karatasi mbili na kuzitia kwenye kofia yake. Wasemaji ni mimi na Naswiba. Mimi nimechaguliwa kwa sababu insha zangu huwa ndefu, Naswiba kwa sababu sauti yake inafika barabarani. Yeye ametoa karatasi ya kutetea. Yangu ilikuwa imeandikwa KUPINGA.

“Banange!” Naswiba amepiga kelele. “Mimi naandika kama kuku anafukuzwa, halafu nitetee mwandiko? Ticha, tubadilishe. Huyu Kaswera analala na kalamu.”

Nami nimesema, polepole, kwamba ningependa tubadilishe.

“Hapana,” Mwalimu Benon amejibu. “Mdahalo si kitubio, Kaswera. Hakuna anayekuuliza unaamini nini.”

Jumamosi, 27 Septemba

Nimejaribu kuandika hotuba. Siku hizi kuna simu. Siku hizi kuna kompyuta. Dunia inaenda mbele. Nimeisoma mwenyewe nikapiga miayo.

Jumanne, 30 Septemba

Nimemwambia Mwalimu Mbusa kwamba upande wangu ni wa kumpinga. Nilikuwa nimeogopa tangu siku ya kofia. Amecheka mpaka akatoa miwani.

“Weye? Kati ya batu bote, weye?” Kisha akaketi kwenye dawati dogo la watoto, magoti juu, akaniambia nisome. Nimesoma. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Hii iko uji,” amesema. “Haina kitu ya kutafuna. Simu, simu. Kila mutu atasema simu. Utashindwa, na watasema mwanafunzi wa Mbusa hajui kusema. Mi nitapata haya.”

Amesimama akaenda ubaoni. Ameandika tarakimu ya moja. Moja yetu ya Butembo, ile inayoanzia chini kwenye mstari, inapanda na mkono mrefu, kisha inashuka. Halafu saba yetu, yenye mkanda tumboni.

“Siku ya kwanza yangu ku Bwera nilifika mwezi wa kumi na moja. Nikaandika tarehe ku ubao, kumi na moja Novemba. Batoto bakacheka. Mumoja akanyoosha kidole: Ticha, Novemba iko na siku sabini na saba?”

Nimecheka. Watoto wa hapa moja yao ni fimbo tu, haina mkono, na saba yao haina mkanda. Kwa hiyo moja yetu wao wanaisoma saba.

“Ukitaka kunipiga,” amesema, “pigia hapa. Hapa ndipo inauma.” Akafuta ubao.

Sijui mwalimu gani mwingine angefanya hivyo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mto Lhubiriha, wa mpakani, umepanda. Mama hakufungua kibanda. Vitenge vimenyonya unyevu na nyumba yote inanuka rangi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Nimefua.

Jumanne, 14 Oktoba

Ruben amerudi na karatasi ya mtihani wa katikati ya muhula, hesabu. Alikuwa ameikunja ndogo sana akaiweka ndani ya soksi. Mama ameiona wakati anavua viatu vyenye matope.

“Tena?” Mama amesema. “Tena, Ruben? Huyu mutoto iko na kichwa nguvu! Mi nasimama ku soko mu mvua, yeye analeta sufuri.”

“Mama, mi sijue hesabu,” Ruben amejibu. “Mi niko mujinga. Ticha alisema niende nikae na darasa ya tatu.”

Amesema bila kulia, kama mtu anayetaja kijiji anakotoka. Hilo ndilo lililonifanya niichukue karatasi.

Nimeipitia swali kwa swali mezani, Ruben akila viazi bila kunitazama. Swali la kwanza lina alama ya kosa, lakini jibu ni sahihi. La pili ni sahihi. Nimedhani ninakosea, nikafanya upya pembeni. Sita na tano, Ruben ameandika kumi na moja, kwa moja zetu zenye mkono. Mwalimu wake mpya wa hesabu ameweka alama ya kosa na kando yake akaandika kwa kalamu nyekundu: 77?? Kila palipo na moja pana kosa. Majibu yasiyo na moja ndani yake yote ni sahihi.

“Ruben, wewe si mjinga,” nimemwambia. “Moja yako ndiyo inasomwa vibaya.”

“Lakini Yaya,” amesema, yaani dada, “Mwalimu Mbusa ndiye alinifundisha ile moja.”

“Najua.”

“Sasa nani iko mujinga?”

Nimemweleza Mama. Amesema niende kwa mwalimu wa hesabu kesho, kwa sababu yeye lazima awe sokoni, na mimi ndiye ninayejua maneno ya shule. Nimesema ndiyo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimefika mlango wa chumba cha walimu. Mwalimu wa hesabu alikuwa anakunywa chai na wenzake, wanacheka. Nimesimama, nikageuka.

Nimekwenda kwa Mwalimu Mbusa badala yake, kwa sababu kwake siogopi. Nimempa karatasi ya Ruben. Ameisoma kwa muda mrefu, amevaa miwani, akaivua.

“Huyu mwalimu hajue kusoma,” amesema.

“Mwalimu, labda ungewafundisha moja ya fimbo. Mwandiko ubaki, tarakimu tu zibadilike.”

Sijawahi kumwona akikasirika. Hakupandisha sauti. Alinitazama kama vile nimemtukana kwa lugha ambayo hakutegemea niijue.

“Kaswera. Tuliacha nyumba. Tuliacha shamba ya kahawa. Niliacha kaburi ya baba yangu bila musalaba. Sasa hata moja yangu niiache ku mupaka?”

Nimesema, “Lakini Ruben anafeli.”

“Bajifunze kusoma. Kusoma moja inauma nini?”

Nimerudi nyumbani kwa mvua bila kujifunika. Nilikuwa nimemkasirikia, na hasira ile ilikuwa ngeni, kwa sababu muda wote huu nilidhani kwamba yeye hakosei. Anampenda Ruben. Anaipenda moja yake zaidi.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya misa nimeandika hotuba upya. Imetoka yote kwa mara moja, kalamu haikuinuka. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Naswiba amekuja kwetu kufanya mazoezi. Amesikia yangu mpaka mwisho, akalifunga daftari lake.

“Wama, Kaswera, umeniua kabla sijazaliwa,” amesema. Kisha akauliza, “Na lile neno la mupaka, utalisema kweli? Watu watajua ni nani.”

Nimesema sikutaja jina.

“Kale,” amesema, kwa maana ya sawa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Tumeshinda! Naandika haraka kwa sababu Naswiba ananingoja nje na chapati.

Ukumbi ulijaa. Mvua ilikuwa imekatika na wazazi wengi walikuja moja kwa moja kutoka sokoni, wa huku na wa Kongo. Mama alikaa mbele na Ruben. Kamati ya shule ilikaa upande wa kulia na Madam Loyi. Mwalimu Mbusa alisimama karibu na dirisha kwa sababu viti vilikwisha.

Naswiba alianza. Aliwachekesha kwa mwandiko wake mwenyewe, akawaonyesha ukurasa wa daftari lake. Baba yake, Mzee Abdunoor mwenye malori, akapaza sauti kutoka nyuma, “Hiyo ni ramani ya kwenda wapi?” Lakini baada ya kicheko hakuwa na hoja nyingi. Alisema mwandiko wa kuunga ni mzuri, una heshima, wazee wanaupenda.

Nikaitwa. Nikaenda ubaoni, nikaandika kumi na moja, kwa moja zetu. Nikageuka.

“Hii ni ngapi?”

“Kumi na moja!” wakasema mama zetu wa Kongo.

“Sabini na saba!” wakasema wengine wote.

Wakatazamana. Ukumbi mzima ukaanza kubishana, watu wakasimama, mama mmoja akamwambia jirani yake, “Weye hukusoma!” na jirani akamjibu, “Mimi nilisoma, ni wewe ulisoma nyuma-mbele!” Mwalimu Benon akapiga meza mara nyingi. Nami nilisimama pale nikatambua kwamba siogopi tena. Walikuwa wananingoja.

Nikainua karatasi ya Ruben. Nikawasomea. Sita na tano, kumi na moja, kosa. Tisa na mbili, kumi na moja, kosa. Kicheko kikapungua, kikapungua, mpaka ikawa kimya. Nikasema mtoto huyu sasa anasema yeye ni mjinga. Nikasema si kosa la mkono wake, ni la mkono wa moja. Nikasema tunafundisha watoto uzuri ambao mwalimu wa chumba cha pili anauwekea alama nyekundu.

Halafu nikasema lile. “Kuna mtu aliniambia kwamba aliacha nyumba na aliacha shamba, lakini moja yake hataiacha mpakani. Basi ameivusha. Na ushuru wake anaulipa Ruben.”

Jamani, ukumbi! Hapa kila mtu anajua ushuru. Wachuuzi walipiga mapaja. Mzee Abdunoor alisimama kabisa. Hata wajumbe wa kamati walicheka wakiwa wamefunika midomo. Nilingoja wamalize, kama wasemaji wa kweli wanavyongoja, kisha nikamaliza.

Walipopiga kura mikono ya upande wangu haikuhesabika. Mwalimu Mbusa alikuwa anapiga makofi pale dirishani. Mama alilia. Naswiba aliniinua juu akasema, “Huyu ndiye alikuwa anajificha!” Sauti yangu bado iko masikioni mwangu. Sikujua kwamba ninayo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimesoma niliyoandika jana.

Sikuandika kwamba Mwalimu Mbusa alianza kupiga makofi kabla ya watu kugeuka kumtazama, na walipogeuka aliendelea. Niliona. Nilikuwa nimeliona hilo wakati nangoja kicheko kiishe.

Jumapili, 26 Oktoba

Kanisani Mwalimu Mbusa alikaa upande wa pili. Watu wawili walimsalimu, “Habari ya ushuru?” Wametania tu. Alicheka nao.

Jumanne, 28 Oktoba

Mambo mawili leo.

La kwanza, mwalimu wa hesabu aliyekuwa ukumbini amesahihisha upya karatasi ya Ruben. Amekuja mwenyewe darasani, amemwomba radhi mbele ya wenzake, na amemwonyesha moja ya fimbo. Ruben amepata alama za juu darasani. Amekimbia kutoka shule hadi sokoni kumwambia Mama. Jioni tulikula samaki.

La pili, Madam Loyi ametangaza kwamba kamati imekata shauri. Kuanzia mwaka ujao kipindi cha mwandiko hakipo katika shule ya msingi. Mwalimu Mbusa aliajiriwa kwa kipindi hicho, kwa hiyo shule ikifungwa kazi yake inaisha.

Sijui kwa nini sikulijua hili. Nilijua kipindi kitaondoka. Nilikiona kama kipindi, kisanduku kwenye ratiba. Sikumwona yeye akiondoka nacho.

Nimekula samaki. Alikuwa mtamu, na Ruben alikuwa anaimba.

Jumatatu, 3 Novemba

Sikwenda darasa la pili.

Jumanne, 4 Novemba

Sikwenda.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilikwenda mpaka kona ya jengo. Nilimsikia, “Neno inavunjika kiuno.” Watoto wamecheka. Nikarudi.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nimekwenda kwa Madam Loyi. Nimegonga mlango mwenyewe. Amenipa kiti, amesukuma mafaili pembeni, ameniuliza kama Mama ni mzima.

Nimemwambia nilikosea. Nimemwambia mwandiko wa kuunga si mbaya, una mambo mengi mazuri ambayo sikuyasema. Nimemwambia kuhusu watoto wanaoandika hewani. Nimemwambia kwamba mtoto mwenye haya anaweza kujifunza kufika mwisho wa neno. Nilisema mengi, na yalitoka vipande vipande kama zamani.

Amenisikiliza vizuri. Yeye si mtu mbaya. Kisha akasema, “Kaswera, mimi nilikuwa nafikiri kama wewe. Kweli. Nilikuja kwa ukumbi nikiwa upande wa Mbusa. Wewe ndiye ulinitoa. Sasa unataka nikuamini siku gani? Siku ile ama leo?”

“Siku ile pia nilisema kweli, Madam.”

“Sasa?”

“Tatizo lilikuwa ni tarakimu tu. Mnaweza kubadilisha moja na saba, mwandiko ukabaki. Mara moja kwa wiki ingetosha.”

Ameegemea nyuma. “Hiyo maneno iko na akili. Kwa nini hukusema siku ile?”

“Nilikuwa upande wa kupinga.”

“Na Naswiba?”

“Naswiba hakujua.”

Ametazama dirishani, mvua ilikuwa inaanza tena. “Kamati imeshakaa. Chumba ya kompyuta imeshafungwa waya. Mwalimu wake ameshapatikana, kutoka Kasese. Kama ungekuja ile wiki…” Akasema, “Lakini ulisema vizuri, mtoto wangu. Usijute kusema vizuri.”

Nilipotoka Naswiba alikuwa ananingoja barazani. Amenipa nusu ya mwavuli wake.

Alhamisi, 20 Novemba

Mitihani. Mvua. Insha ilituuliza tueleze mtu tunayemheshimu. Nimeandika kuhusu Mama. Kwa herufi za kuachana, wasimamizi wanapendelea hivyo.

Jumatatu, 1 Desemba

Naswiba amemwomba baba yake ampe Mwalimu Mbusa kazi. Sikumwambia afanye hivyo, amefanya mwenyewe. Mzee Abdunoor ana yadi Hima, malori yake yanapakia saruji kule, na anahitaji mtu wa kuandika malori yanayoingia na yanayotoka. Mwalimu Mbusa amekubali.

Nimemwambia Naswiba asante. Amesema, “Si wewe peke yako ulikuwa jukwaani.”

Alhamisi, 4 Desemba

Nimemwona Mwalimu Mbusa. Alikuwa stendi ya Bwera na sanduku moja na godoro lililofungwa kamba, anangoja gari la Kasese, njia ya kwenda Hima. Kulikuwa na jua kali baada ya siku nyingi na matope yalikuwa yamepasuka. Ningeweza kupita upande wa maduka. Nilivuka barabara.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Ruben iko aje?”

“Mzima. Ni wa tatu darasani.”

“Aah!” Alifurahi. Alifurahi kweli, uso wote. “Nilijua. Ule mutoto iko na kichwa. Umwambie mi nimesema.”

Nikamuuliza habari za Hima. Akasema ni vumbi tu na malori, lakini kuna chumba chenye dirisha. Akasema Mzee Abdunoor amemweleza masharti. “Iko moja tu. Amesema, Mwalimu, moja ya fimbo, usiniletee ushuru huku.” Akacheka kidogo. “Nimekubali. Dereva lazima asome haraka.”

Hapo ndipo nilipomwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Oktoba, nilikuwa nimeyaandika na kuyafuta, na sasa yote yalipotea, nikasema tu, “Mwalimu, lile la mpaka. Halikuwa langu kulisema.”

Hakusema, “Si kitu.” Nilikuwa nimetegemea aseme si kitu. Aliinama akakaza kamba ya godoro ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

“Mi mwenyewe nilikuonyesha mahali pa kupiga,” alisema. “Ile ya Novemba, niliitoa mi mwenyewe. Ile ingetosha.”

“Ndiyo.”

“Ulisema muzuri. Nilisimama pale nikasema ku roho yangu, huyu mi ndiye nilimufundisha kufika mwisho wa neno. Nilisikia furaha, na nilisikia haya, yote mara moja. Sijue kama unaelewa.” Aliniangalia kwa mara ya kwanza. “Lakini Kaswera. Ungesema mubaya kidogo. Kidogo tu.”

Gari likafika. Utingo akarusha godoro juu. Nilimshikia sanduku mpaka akaketi, nikampitishia dirishani. Akasema nimsalimie Mama. Nikasema ndiyo. Gari likaondoka, nami nikabaki nimesimama nikitafuta neno lililokuwa limebaki mdomoni. Halikuja.

Ijumaa, 5 Desemba

Shule imefungwa. Watoto wa darasa la pili walikuwa wanachungulia maboksi ya kompyuta kupitia dirisha la stoo, wanasukumana, wanacheka. Hakuna aliyeuliza habari za mwandiko. Sikutegemea waulize.

Mwalimu Benon amekusanya shajara, amezipa muhuri na kuturudishia papo hapo, bila kuzisoma, kama alivyoahidi. Ameniita pembeni. Anataka mwakani niwe kiongozi wa midahalo, na anataka nimpendekezee mada ya kufungulia muhula, kwa sababu kamati imefurahi na itakuja tena.

Nimemwambia sijui. Mada nyingi zilinijia pale pale, nzuri, na kwa kila moja nilijua tayari ningeanzaje. Akaniambia nisione haya, nitaje yoyote.

Nimemwomba atafute mada ambayo haina mtu ndani yake.

Alifungua kalamu yake, akaifunga tena. Halafu akasema hajui kama ipo.